Sakafu ya Bilqis

Mama alisimama mlangoni, akashika kanga yake kwa mkono wa kushoto, akaipandisha mpaka juu ya kifundo cha mguu.

"Nani kamwaga maji humu?"

Hapakuwa na maji. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linaingia kwa mlango wa magharibi, na sakafu yote ya ukumbi inawaka. Dada yangu mdogo, asiyekosa la kusema, akadakia: "Malkia Bilqis huyo, kafika kwa Nabii Suleiman!" Mama akacheka, maana kisa hicho ni yeye aliyetusimulia tukiwa wadogo: malkia alivyoiona sakafu ya vioo akadhani ni maji, akapandisha nguo asilowe. Akacheka, lakini hakuingia. Alizunguka kwa nje, akapitia jikoni.

Tangu siku hiyo nikaanza kumwangalia. Kila alasiri ndiyo njia yake: azunguke nyumba nzima kuliko kukata ukumbi. Jicho moja limeshafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, la pili bado. Mtu wa miaka 74 anakwepa sebule yake mwenyewe, na sisi tumekaa tunasifiwa sakafu.

Na waliotusifu walikuwa wengi. Nyumba yenyewe si yetu, ni ya ami yangu wa Muscat, aliyeijenga kwa nia ya kurudi na nia anayo mpaka leo. Sisi tunaikaa na kuitunza. Jiwe alilichagua mwenyewe huko, likaja kwa kontena, na stoo yamebaki maboksi mawili yameandikwa Denizli, mji wa Uturuki ambako jiwe hili linachimbwa kwa wingi. Linaitwa travatini. Rangi yake ni ya chai iliyozidi maziwa, lina mistari ya hudhurungi na vitundu vilivyozibwa kiwandani. Vigae vya sentimita 61 kwa 41, ukumbi wa mita za mraba 36. Wageni wakiingia husema "mashaallah, marumaru hii!" Si marumaru, lakini sijawahi kumsahihisha mgeni kwa hilo.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nalisema mapema ili aibu inayokuja muielewe vizuri.

Travatini huzaliwa na chemchemi. Maji yanapita chini kwenye miamba ya chokaa yakiwa na kaboni dayoksaidi, yanaiyeyusha chokaa, na yakitokeza juu gesi inakwenda zake, chokaa inaganda, tabaka juu ya tabaka. Vile vitundu ni njia za gesi na mahali palipooza majani na mizizi. Karibu na Denizli pako Pamukkale, maana yake ngome ya pamba, mlima mweupe ambao maji ya moto yanaendelea kuujenga hadi leo. Warumi walichimba la kwao Tivoli, karibu na Roma, na sehemu kubwa ya Colosseum, uwanja wao mkubwa wa michezo, imesimama kwa jiwe hilo. Kwa asili basi ni ndugu wa matumbawe na chokaa iliyojenga Mji Mkongwe wetu, wote kalsiamu kaboneti, na adui yao ni mmoja: tindikali.

Sasa litie jiwe hilo katika nyumba ya Unguja. Tunakula chini, mkekani. Samaki wa kukaanga na ndimu. Achari. Chatne ya ukwaju. Urojo wenyewe, ukiuondolea ndimu na embe mbichi utabaki nini? Watoto na ubuyu wao. Tone likidondoka mtu anafuta haraka, anaona kamaliza, na asubuhi pale pana alama iliyozimika, ya mviringo, mfano wa chini ya gilasi. Watu walidhani ni mafuta, wakasugua kwa sabuni. Alama ya namna hiyo haisuguliki, kwa sababu hakuna kitu kilichoongezeka pale. Kimepungua. Ndimu imeula uso wa jiwe.

Kila mwaka nadondosha tindikali juu ya ganda la kombe mbele ya darasa, wanafunzi waone mapovu na waandike mlinganyo. Kisha narudi nyumbani. Kwa miaka mitatu, kwa ushauri wa jirani, maji ya deki ya nyumba hii yalikuwa yakitiwa siki, ati iondoe harufu ya samaki. Msiniulize.

Kwa hiyo sakafu ilikuwa na maradhi mawili: inapong'aa inamtisha mama, isipong'aa ina mabaka. Nikaona dawa ni moja, kuizima yote iwe sawa. Nikadhani kazi nyepesi, maana kushuka si kama kupanda.

Fundi wa kwanza alitazama mabaka, akapiga ulimi, akasema atanirudishia kioo mpaka nijitie wanja sakafuni. Nikamwambia nataka isiwe kioo. Akanitazama kwa huruma. Wa pili alikubali upesi mno: angepaka vanishi isiyong'aa juu yake. Hiyo niliikataa mwenyewe. Vanishi hukaa juu ya jiwe, na kwetu, ambako viti vinaburutwa na mchanga wa ufukweni unaingia kila siku, ingebanduka njia ya mlangoni kabla ya mwaka. Wa tatu alipendekeza dawa ya kusafishia choo, imwagwe, iachwe dakika mbili, isuuzwe. "Mng'ao utakwenda wote, mwalimu." Ni kweli ungekwenda. Nilijaribu kwenye kigae kimoja cha stoo: kilichemka mapovu, kikawa cheupe kama kimeota ukungu, kizibo cha vitundu viwili kikatoka, na ukipitisha kidole unakutana na makwaruzo ya kama ulimi wa paka. Pia hakikuzimika sawa. Tindikali huchagua, mshipa mlaini inaula sana, mgumu inaubakisha.

Hapa lazima nieleze mng'ao ni kitu gani, kwa sababu ndipo wote tulipokosea. Haupakwi. Kiwandani jiwe limesuguliwa kwa almasi, mikwaruzo mikubwa ikafutwa na midogo, midogo ikafutwa na midogo zaidi, mpaka mwanga haupati pa kujikwaa. Unafika na kurudi mzima. Kwa hiyo ukitaka kuuzima huna cha kubandua. Unashuka zile ngazi ulizopandia: unalikwaruza jiwe upya, kwa mikwaruzo iliyo sawa kila mahali, mwanga ukifika utawanyike. Pedi za almasi huja kwa namba, na namba ikiwa ndogo chembe zake ni kubwa. Ya 50 inakula jiwe. Ya 3000 inalipapasa tu.

Aliyenielewa ni mzee mmoja wa Ng'ambo, fundi wa terazo, ile sakafu ya saruji na vipande vya mawe, tangu ujana wake, mtu wa kofia na maneno machache. Nilimwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha mabaka. Akapiga goti, akalalia shavu sakafuni akitazama mlango, kama mtu anayesikiliza. Akanyanyuka.

"Unataka niishie njiani."

"Ndiyo, Mzee. Uishie njiani."

"Miaka yote watu wananilaumu nikiishia njiani." Akacheka peke yake. "Njiani wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na sikuwa na jibu.

Ilibaki idhini ya mwenye nyumba. Ami alipiga kwa video, nikamgeuzia simu aone. Kimya kirefu. "Mwanangu, watu wanalipa pesa ing'are. Wewe unalipa izimwe?" Nikasema ndiyo, Ami. "Watu watasema tumefilisika." Nikampa mama simu. Sikusikia walichoongea, mama alikwenda nayo uani, lakini aliporudi akasema, "Kasema fanyeni."

Mzee alichukua vigae vinne vya stoo, akavisugua kimoja kimoja kwa maji: cha kwanza akaachia 200, cha pili 400, cha tatu 800, cha nne 1500. Tukavipanga ukumbini karibu na mlango wa magharibi na kuisubiri saa kumi. Jua lilipoingia nikamwita mama asimame pale pale alipopandisha kanga.

Akanyoosha kidole. "Kile kina maji." Ndicho cha 1500. "Kile kimefutwa lakini hakijakauka." 800. "Kile kikavu." 400. Akafika cha 200, akakunja uso. "Na kile hakijafagiliwa."

Mzee akageuka kwangu. "Umeshasikia. Mia nne." Viko vifaa vya kupimia mng'ao vinavyotoa tarakimu, lakini kwa jicho lile hatukuvihitaji.

Tulianza likizo ya Disemba, mvua za vuli zimepungua. Mapatano shilingi 12,000 kwa mita ya mraba, maji na umeme wangu. Samani zote zikahamia barazani, milango ikafungwa kwa plastiki, kuta zikavikwa nailoni hadi kiunoni, kwa sababu mashine inayozunguka kwenye maji haichagui pa kurushia. Kazi hii hufanywa kwa maji: ukisugua pakavu vumbi linaingia mapafuni na pedi inaungua. Mzee alifika na mashine yake ya duara, pana sentimita 43 hivi, nzito, inazunguka taratibu, pamoja na kijana wa kumsaidia. Kabla ya kuwasha walipitia vitundu. Vizibo vingi vilikuwa vimeng'oka, hasa njia ya jikoni, navyo hujaa uchafu mweusi. Walivikwangua kwa msumari, wakapulizia, wakajaza gundi ya mawe iliyochanganywa rangi mpaka ikafanana na mshipa wa jirani. Kijana alikuwa na kipaji cha kuchanganya rangi ile. Baadhi ya vizibo vyake mpaka leo sivioni.

Kisha tukagundua kosa la majaribio yetu. Vigae vya stoo vilikuwa vipya, havijaonja ndimu hata siku moja. Pedi ya 400 iliposhuka kwenye sakafu yenyewe mng'ao ulikwenda vizuri, ila mabaka yakabaki, hafifu, kama kovu la ndui. 400 ni laini mno kwa kidonda. Mzee akarudi 200, yakatoka mengi. Pale unapotandikwa mkeka wa kulia, alikolia futari kila mtu tunayemjua, akateremka hadi 100. Na ukiteremka huruki kupanda: 100, kisha 200, kisha 400, kila namba ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Baina ya namba na namba unavuta tope lote na kusuuza. Chembe moja ya 100 ikinasa chini ya pedi ya 400 inakuchorea duara refu la kukurudisha kazini upya. Ilitokea mara moja, karibu na nguzo. Mzee hakusema neno. Alimtazama kijana, kijana akaenda kubadilisha maji.

Tope lenyewe ni jeupe zito, mfano wa tui la kwanza. Nilikataza kulimwaga shimo la bafuni. Likituama ndani ya bomba linaganda. Tulilikusanya kwa mpira wa kusukumia maji, likaingia ndoo, likaachwa litulie, maji yakamwagwa na mashapo yakafukiwa nyuma ya mchungwa. Siku ya pili umeme ulikatika katikati ya namba 200, saa tatu nzima, na tope likakauka sakafuni kabla hatujalivuta. Kulirowesha upya na kuling'oa ilikuwa kazi kuliko kusugua. Kama mtafanya, jenereta au msianze.

Siku ya tatu, alasiri, wakasema wamemaliza. Nikaingia. Katikati ya ukumbi palikuwa vile nilivyoota: jiwe limetulia, mistari inaonekana kuliko mwanzo, kwa sababu macho hayapigani tena na mwanga. Hata vizibo vya kiwandani, ambavyo zamani vilikuwa vidoa vikavu kwenye kioo, havikujitenga tena. Lakini pembeni mwa kuta zote nne kulikuwa na mstari unaong'aa, upana wa shubiri, unaozunguka chumba kizima.

Sakafu yangu ilikuwa na pindo kama kanga. Ilikosa jina tu.

Sababu yake ilinifurahisha kama mwalimu na kuniudhi kama mlipaji. Mashine ya duara haifiki ukutani. Pembeni kijana alitumia grinda ya mkono, pedi ile ile ya 400. Lakini grinda inazunguka kasi mara nyingi zaidi, na alikuwa bahili wa maji. Kasi na joto vikikutana, pedi ile ile inang'arisha zaidi. Namba peke yake haitoshi kusema kitu. Namba, kasi, maji na uzito wa juu yake vinakwenda pamoja. Mzee alijua. Alikuwa anasali wakati kijana anakimbiza pembe.

Dawa ilikuwa mkono. Pedi ya 400 imefungwa kwenye kipande cha ubao, maji, na magoti. Mzunguko wa ukumbi ni mita 24. Kijana alianza upande wa jikoni, Mzee upande wa mlango, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama tu naudhika, nikapewa ubao wa tatu. Unasugua kwa kuzungusha, unafuta, unalaza shavu sakafuni utazame dhidi ya mlango, unasugua tena. Hapo nikajua kwa nini Mzee alilala vile siku ya kwanza: ukisimama, jiwe linakudanganya. Ilituchukua siku moja na nusu. Wanafunzi wawili waliokuja kuchukua vitabu walinikuta kwa magoti, nimefunga kanga kiunoni, uso mweupe pepe, na habari ilifika skuli kabla yangu.

Baada ya hapo tukaiacha ikauke. Wengine wanasema siku moja; kwa unyevu wetu wa baharini nikaipa tatu, feni zikizunguka. Kisha dawa ya kuzuia madoa, ile inayozama ndani ya jiwe, isiyotengeneza ngozi juu. Inapakwa kwa kitambaa, inaachwa dakika kama kumi inywe, na iliyobaki juu inafutwa kabla haijakauka. Ukichelewa inaacha utando wa kunata, na mng'ao uliouza roho kuuondoa unarudi kwa mlango wa nyuma. Kuipima ni rahisi: tone la maji. Likikaa juu limejikunja, imekubali. Likizama na kuacha kivuli, rudia.

Lakini msidanganywe na muuzaji, maana mimi alinijaribu. Dawa ile inachelewesha mafuta na chai kuingia. Ndimu haiizuii. Ndimu haina haja ya kuingia, inaunguza pale pale juu. Tofauti ni kwamba sasa, jiwe likiwa halina kioo, kidonda hakionekani. Kitu kilichozimika kimezimishwa tena kidogo, nani atajua? Nimeshamwaga achari mara mbili tangu Januari. Nilifuta, nikaendelea kula.

Deki ni kwa sabuni laini tu, isiyo na ukali wowote, na maji yanayobadilishwa mara kwa mara. Sakafu iliyozimwa inashika alama za nyayo zaidi kidogo kuliko ya kioo, hilo sikufichi. Watoto wakitoka pwani unaona walikopita. Siki imerudi kabatini. Jirani ameuliza, nimemweleza kwa mlinganyo.

Mama alikuwa kwa dada wiki ile yote. Alirudi Alhamisi, alasiri, jua liko pale pale. Tulijifanya tuna shughuli, kila mtu na chake mkononi. Alivua viatu barazani, akaingia, akakata ukumbi moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wake, akaketi. Akatazama chini kulia, akatazama kushoto.

"Mbona hamjapiga deki?"

Mzee kanipigia simu juzi. Kuna mtu wa Fumba kasikia, anataka "kama ile ya mwalimu, isiyong'aa," na ameomba picha kwanza aone. Nikapiga asubuhi, nikapiga saa kumi mlango wazi, nikapiga nimelala chini kama tulivyokuwa tukitazama. Zote haionekani kitu, ni sakafu tu na mguu wa kiti. Nikamtumia hivyo hivyo.